Dawa ya Dawa

Muuguzi wa tiba shufaa hamkabidhi mgonjwa wa saratani chupa ya mofini kisha akanyamaza. Atamwambia kwamba choo kitafunga, kwa hivyo dawa ya choo inaanza leo, siku moja na mofini. Atamwambia kwamba kichefuchefu na usingizi vitamsumbua siku za mwanzo kisha vitapungua, na kwamba hata akipata nafuu asiache dawa ghafla. Maarifa haya yamo Nairobi siku nyingi. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alivuka baadaye hadi Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji iliyochanganywa kutoka unga, rahisi kiasi kwamba mgonjwa maskini angeweza kuinywa nyumbani kwake.

Sasa mfikirie mtu aliyepewa dawa ya ukoo huo huo, ila si kwa saratani. Amepewa kwa sababu miguu haimwachi alale. Anaishi Kawangware au Lavington, haidhuru, maana ugonjwa huu hauchagui mtaa. Karatasi yake imeandikwa tramadoli, au kodeini, au kwa nadra mofini yenyewe, na hakuna aliyemketisha akamweleza lolote. Wiki ya pili choo kimefunga, ngozi inawasha, tumbo linachafuka. Anateremka hadi kemisti ya mtaani kutafuta dawa ya dawa. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu vidonge viwili vitatu vinavyouzwa kwa wingi zaidi kwa shida hizo ndivyo vinavyoichochea miguu.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, ugonjwa wa miguu isiyotulia, nitapita haraka. Ni ile hamu ya kusogeza miguu isiyozuilika, inayokuja mtu akiwa ametulia, inayopungua akitembea, na inayochacha jioni na usiku. Wagonjwa husema siafu wanatembea ndani ya mifupa. Mtu aliyebanwa kiti cha nyuma katika matatu ya 46, Barabara ya Ngong imeziba na saa ni moja jioni, anajua kila dakika ya safari hiyo. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba kaskazini mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta wagonjwa wachache mno, pungufu sana ya asilimia 5 hadi 10 inayotajwa Ulaya na Marekani. Huenda ugonjwa kwetu ni nadra kweli mashambani. Lakini Nairobi ina wajawazito, ina watu wenye upungufu wa damu na ina watu wanaosafishwa damu kwa mashine, na makundi hayo matatu ndiyo ugonjwa huu unayoyapenda kote duniani. Mimi naamini wengi wanaupata na hawaulizwi.

Kutibu miguu hii kwa afyuni si jambo geni. Daktari Mwingereza Thomas Willis, aliyekuwa wa kwanza kuueleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1672, aliwapa wagonjwa wake laudanamu, yaani afyuni iliyoyeyushwa katika kileo, akaona wanalala. Msweden Karl-Axel Ekbom aliuchambua upya mwaka 1945. Mwaka 2009 utafiti mdogo wa bongo za watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huu ulikuta upungufu wa kemikali zile ambazo mwili hujitengenezea wenyewe na zinazofanya kazi mfano wa mofini. Mwaka 2013 majaribio makubwa yaliyochapishwa katika jarida la Lancet Neurology yalionyesha kwamba oksikodoni ikichanganywa na naloksoni huwasaidia wagonjwa sugu walioshindwa na dawa nyingine.

Neno la kushika hapo ni sugu. Opioidi, yaani dawa za ukoo wa mofini, haziko mstari wa mbele. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani uliotolewa mwaka 2025 unaweka mbele madini ya chuma, pamoja na gabapentini na pregabalini. Umezishusha ropinirole na pramipexole, zilizotamba tangu miaka ya 2000, kwa sababu zikitumiwa kwa miaka huuchochea ugonjwa wenyewe. Dalili zilizokuwa zikianza saa tatu usiku zinaanza saa tisa alasiri, kisha zinapanda hadi mikononi. Opioidi zinaruhusiwa pale ambapo hayo yote yamejaribiwa. Kwa hivyo mtu aliyekimbizwa moja kwa moja kwenye tramadoli bila kupimwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ana haki ya kuuliza kwa nini. Kipimo cha wingi wa damu peke yake hakitoshi. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha huku akiba yake ya chuma imekauka, na kwa ugonjwa huu madaktari wanataka feritini ipite 75, si ile 15 au 30 ambayo karatasi ya maabara inaiita kawaida.

Tuseme basi njia zote zimepitiwa na opioidi imeandikwa. Cha kwanza cha kumtuliza mgonjwa ni kiasi. Methadoni kwa ajili ya miguu huwa miligramu 5 hadi 10 kwa siku, mara chache ikavuka 20. Katika kliniki za wanaoacha heroini, kama ile iliyoanza Hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014 na ile ya Ngara karibu na katikati ya jiji, mtu mmoja kwa kawaida hunywa miligramu 60 hadi 120. Ni dawa moja, lakini shughuli mbili. Tatizo ni kwamba Nairobi inaijua methadoni kwa foleni ya Ngara tu. Mzee wa Kileleshwa akisikia jina hilo kinywani mwa daktari wake anadhani anaitwa mteja, yaani mraibu, na mkewe anadhani hivyo hivyo. Hofu hii ina gharama yake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilieleza jinsi watoto wagonjwa wa Kenya walivyokosa mofini, dawa ya bei nafuu, na hofu ya dawa yenyewe miongoni mwa wahudumu ilikuwa mojawapo ya sababu.

Sasa choo. Nitakaa hapa, kwa sababu madhara mengine mwili huyazoea, hili hauzoei. Utumbo una vipokezi vya opioidi kama ubongo ulivyo navyo. Dawa ikivigusa, misukumo ya utumbo inalegea, maji yanafyonzwa zaidi, na choo kinakaa ndani hadi kinakuwa vikokoto. Mgonjwa anaweza kukaa mwaka mzima kwenye kiasi kile kile na choo kikafunga siku ya mia tatu sawasawa na siku ya tatu.

Ushauri wa kwanza wa Mkenya kwa choo kigumu ni mboga na maji. Kula sukuma wiki, kula managu, kula githeri. Kwa mtu asiyetumia opioidi ushauri huo ni mzuri. Kwa anayetumia, nyuzinyuzi nyingi bila msukumo wa utumbo zinaongeza shehena kwenye gari lililozimika. Unga wa pumba na zile poda za kuvimba ndani ya maji ndizo mbaya zaidi, hasa kwa mtu anayekunywa vikombe viwili vya maji kwa siku. Kinachotakiwa ni dawa inayousukuma utumbo, kama bisakodili au sanamaki, pamoja na inayolainisha, kama laktulosi, na zianze usiku ule ule wa kidonge cha kwanza. Sanamaki watu wa Pwani wanaijua tangu enzi za mababu, na vidonge vya kisasa vya mmea huo vina faida moja juu ya majani ya mfuko, nayo ni kwamba unajua umemeza kiasi gani. Wahudumu wa hospisi Afrika Mashariki wamekuwa pia wakishauri mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, pale ambapo mgonjwa hana pesa za kingine. Mafuta ya nyonyo ya bibi yanafanya kazi, lakini ni ya siku moja ya dharura. Mtu asiyanywe kila jioni.

Papo hapo kuna mtego wa chuma. Mgonjwa huyu huyu huenda anameza vidonge vya chuma kwa ajili ya feritini, na chuma nacho hufunga choo. Akipata shida anaamua kuacha kimoja, na anachoacha ni chuma, kwa sababu opioidi ndiyo inayompa usingizi. Amekata mzizi akabaki na tawi. Afadhali aulize kama chuma kinaweza kumezwa siku moja kupisha moja, jambo ambalo tafiti za miaka ya karibuni zinaliunga mkono, au kitolewe kwa mshipa. Daktari Nordlander wa Sweden alikuwa akiwapa wagonjwa wa miguu chuma kwa mshipa tangu 1953, na leo njia hiyo imepewa nafasi ya juu katika ule mwongozo wa 2025. Na chai ya maziwa isiandamane na kidonge cha chuma. Iachie saa moja au mbili. Najua ninachoomba hapo ni kikubwa, kwa mji ambao saa nne asubuhi bila chai si saa nne.

Tuje kwenye kaunta ya kemisti. Tumweke mama mwenye kibanda cha mitumba pale Toi, anayepitia dukani akirudi nyumbani. Kwa kawaida mazungumzo hayazidi haya:

“Daktari, naomba kitu ya kuwashwa.”

“Inakuwasha wapi, mama?”

“Mwili mzima. Na kichefuchefu asubuhi.”

“Umekula kitu mpya?”

“La, ni hizi dawa za miguu.”

“Sawa. Chukua Piriton, moja jioni. Na Plasil kabla ya chakula.”

Hakuna aliyekosa adabu hapo, hakuna aliyemuibia mwenzake. Aliye nyuma ya kaunta ametoa kile ambacho angempa mteja mwingine yeyote, na kwa wengi kingefaa. Lakini Piriton ni klorofeniramini, dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, ambayo huingia ubongoni na inajulikana kwa kuzidisha miguu isiyotulia. Plasil ni metoklopramidi, inayozuia dopamini ubongoni, na dopamini ndiyo kemikali inayoyumba katika ugonjwa huu. Mama atalala saa moja kwa nguvu ya Piriton, kisha saa sita usiku atakuwa anazunguka meza ya sebuleni. Kesho atarudi kwa daktari wake aseme dawa ya miguu imeshindwa, na daktari asipouliza swali la ziada ataongeza kiasi cha opioidi. Kuwashwa nako kutaongezeka.

Sijui mfano mwingine wa tiba ambapo kosa linajizungusha kwa ustadi namna hii.

Na hapa ndipo elimu ya hospisi nayo inapotudanganya. Mwenye saratani akipata kichefuchefu cha mofini, dawa za kawaida za kumtuliza ni hiyo hiyo metoklopramidi, au haloperidoli kwa kiasi kidogo. Kwake ni sawa. Kwa mwenye miguu isiyotulia ni sumu ya usiku. Dawa ya kichefuchefu ya Stemetil na sindano ya Phenergan ziko katika kundi hilo hilo la kuogopwa. Kwa hivyo tuazime kwa hospisi somo la choo na somo la kutoacha ghafla, tuliache la kichefuchefu pale pale lilipo.

Badala yake nini? Mara nyingi subira inatosha. Kichefuchefu cha opioidi hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kidonge kimezwe na chakula chepesi, kianzwe kwa kiasi cha chini kabisa, tangawizi itafunwe kwa anayeipenda. Ikishindikana, domperidoni haiingii ubongoni kirahisi, na ondansetroni inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Lakini kila moja ina sharti lake. Ondansetroni hufunga choo. Zote mbili zinaweza kurefusha sehemu moja ya mpigo wa umeme wa moyo, na methadoni nayo hufanya hivyo hivyo, kwa hivyo anayetumia methadoni asizimeze bila kupimwa moyo kwa mashine ya kuchora mapigo. Kipimo hicho ni cha dakika chache na kinapatikana katika hospitali nyingi za jiji.

Kuwashwa nako, mara nyingi si mzio. Ni opioidi yenyewe inayoamsha hisia ya mwasho kupitia neva, na ndiyo sababu Piriton hata kwa mwasho huo haifui dafu. Mafuta ya kulainisha ngozi, maji ya uvuguvugu badala ya moto, na kupunguza kiasi cha dawa vinasaidia zaidi. Kama lazima dawa ya mzio itumike, zile mpya kama loratadini na feksofenadini ndizo zenye usalama zaidi kwa miguu. Vipele vikivimba, au midomo na uso vikifura, hapo ni mzio kweli, na safari ni ya hospitali, si ya kemisti.

Nichomeke jambo moja kabla ya kuendelea. Msimu wa baridi wa Julai, nusu ya Nairobi ina homa, na dawa nyingi za homa na kikohozi zina klorofeniramini au difenhidramini ndani yake bila jina hilo kuonekana mbele ya pakiti. Baadhi ya vidonge vya maumivu vyenye kodeini vimechanganywa na kafeini na doksilamini, na hiyo doksilamini ni ndugu wa Piriton. Soma maandishi madogo ya ubavuni. Ukishindwa kuyasoma, mwambie anayekuuzia: nina ugonjwa wa miguu isiyotulia, nisipewe kitu chochote cha kunilaza. Sentensi hiyo inaeleweka hata na mwanafunzi wa famasia aliyeshika zamu ya Jumapili. Na amitriptilini, inayotolewa kwa wingi mno kwa kila mguu unaouma Kenya hii, nayo imo kwenye orodha ya kuulizwa mara mbili.

Usingizi wa mchana na kuhisi kulewalewa hupungua kwa siku chache, na katika siku hizo mtu asiendeshe gari wala bodaboda. Hatari yenyewe iko usiku. Opioidi hupunguza msukumo wa kupumua. Kwa kiasi kidogo kinachotumiwa kwa miguu, mtu mwenye afya hadhuriki kwa kawaida. Lakini mtu mnene anayekoroma, ambaye mkewe humsikia akinyamaza kabisa kisha akavuta pumzi kwa kishindo, ana ugonjwa mwingine wa pumzi kukatika usingizini, na opioidi inauzidisha. Huyo apimwe kwanza. Ongeza juu yake chupa mbili za bia, au kidonge cha klonazepamu ambacho daktari mwingine aliandika kwa ajili ya miguu hiyo hiyo, na hesabu inabadilika kabisa. Dawa hizo tatu kwa pamoja ndizo zinazoua watu usingizini. Anayelala naye ajue dalili: pumzi chache na za kukokota, mboni za macho zilizosinyaa hadi kuwa nukta, midomo iliyobadilika rangi, mtu haamki akitikiswa. Hospitalini kuna naloksoni ya kuyageuza hayo, ila mgonjwa afike akiwa bado anapumua.

Kwa wanaosafishwa damu, hili lisomwe polepole. Kikao kimoja ni karibu saa 4 kitini, mkono umefungwa kwenye mashine, na miguu inataka kutembea. Wagonjwa wa figo wanaupata ugonjwa huu kuliko watu wengine, na wanaumia nao zaidi. Lakini mofini na kodeini huacha mabaki ambayo figo ndiyo huyatoa. Figo ikiwa haifanyi kazi, mabaki yanajikusanya, mtu analala mchana, misuli inarukaruka, anachanganyikiwa. Ndugu zake wanadhani sukari imeshuka. Madaktari wa figo huchagua opioidi nyingine kwa watu hao, kwa mfano methadoni au buprenofini, na hata gabapentini huipunguza sana. Dawa za choo zenye magnesi nazo haziwafai. Hapa mtu asijitibu hata kwa siku moja.

Kodeini na tramadoli zina kisa chao. Kodeini yenyewe haifanyi mengi. Ini huigeuza kuwa mofini kwa kimeng’enya kimoja, na watu hawako sawa katika kimeng’enya hicho. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, yaani wanaigeuza kodeini kwa kasi. Kiasi cha kawaida kwao kinaweza kuwa kikubwa mno. Katika jamii nyingi za Kibantu, kwa upande mwingine, kuna aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole. Kwa hivyo majirani wawili wa ploti moja Kangemi wanaweza kumeza kidonge kile kile, mmoja akalewa na kutapika, mwingine akasema ni kama amemeza unga wa ugali. Asidhaniwe kuwa mwongo. Mama anayenyonyesha asipewe kodeini wala tramadoli, maana mtoto ndiye atakayelipa. Na tramadoli ina ila ya ziada. Kati ya opioidi zote, ndiyo iliyoripotiwa waziwazi kuuchochea ugonjwa wa miguu kwa namna ile ya ropinirole, na ikichanganywa na baadhi ya dawa za huzuni inaweza kuleta kutetemeka na degedege.

Jasho jingi, kinywa kikavu, mkojo unaosita kwa wazee wenye tezi dume: hayo yatajwe kwa daktari, yana suluhu zake. Wanaume ndio wasiotaja lililo kubwa kwao. Opioidi ikitumiwa kwa miezi inaweza kushusha homoni ya kiume, na mtu akakosa hamu ya tendo, nguvu zikapungua, moyo ukawa mzito. Anaamua umri umefika. Kipimo cha damu cha asubuhi kingemwambia vingine.

Limebaki la kuacha. Wateja wa heroini, Mombasa na Nairobi, wana neno lao kwa siku dawa inapokatika: arosto. Pua inachuruzika, tumbo linaharisha, mwili unasisimka, na miguu inarusha mateke usiku kucha. Hilo la mwisho litamshtua mgonjwa wetu, kwa sababu ndilo alilokimbia. Mtu aliyetumia opioidi kwa miezi, hata kwa kiasi kidogo, akikatiza ghafla miguu hurudi kwa ukali kuliko ilivyokuwa kabla ya tiba, kisha anaapa kwamba hawezi kuishi bila dawa. Si kwamba amekuwa mteja. Amekatiza vibaya tu. Kupunguza kufanywe na daktari, kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na kila hatua iachiwe muda miguu itulie.

Sababu ya kawaida ya kukatiza si uamuzi, ni dawa kuisha. Opioidi zenye nguvu hazipatikani kila kemisti. Ziko chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, hospitalini zinakaa ndani ya kabati ambalo manesi wote huliita DDA, na kila kidonge kinaandikwa daftarini. Kwa mkaaji wa Kilimani hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu anayepanda basi tarehe 20 Desemba kwenda ushago kwa wiki tatu ni jambo la kupangwa mwezi mmoja kabla. Ahesabu vidonge kabla ya kukata tiketi. Aombe daktari aandike kiasi cha safari pamoja na barua yenye jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake, ikae pakiti moja na dawa zenyewe. Pakiti isiingie kwenye begi la buti ya basi. Na huko afikapo, nyumba ikiwa imejaa wajukuu, dawa ifungiwe kwa kufuli, kwa sababu kidonge kimoja cha methadoni kinachomlaza babu kinatosha kumuua mtoto wa miaka miwili.